Kutundika Kanga: Namna ya Kushona Mfarishi wa Ukutani

Katika nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa, kuanzia Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda na Murongo, pale mto Kagera unapotutenga na Uganda, sebule hupambwa kwa kazi ya mikono ya wenyewe: vitambaa vilivyofumwa kwa kulabu huvishwa makochi na meza, vikapu vyenye vifuniko hupangwa juu ya kabati, na mkeka mzuri hukunjwa pembeni kumngojea mgeni. Ukuta, lakini, aghalabu huambulia kalenda ya mwaka uliopita na picha moja ya harusi, ilhali katika sanduku la mama wa nyumba mna doti ya kanga iliyotunzwa miaka na miaka, kwa kuwa mwenyewe anaipenda mno hata hana moyo wa kuivaa jikoni, wala kuikata, wala kumpa mtu. Kwa mwenye kanga ya namna hiyo naandika ushauri huu, nimwonyeshe jinsi ya kuifanya mfarishi wa ukutani, yaani nguo ya tabaka tatu, kanga mbele, ujazo laini katikati na bitana nyuma, zilizoshikanishwa kwa mishono ya darizi inayozipenya zote, ili ile sura iliyolala bapa juu ya kitambaa ipate kuinuka na kutoa kivuli.

Kanga inafaa kazi hii kuliko nguo nyingine yoyote ya madukani mwetu, na sababu iko katika umbo lake. Kitenge hutoka kiwandani kikiwa gora refu la ua lile lile linalojirudia, na mkasi ukipita popote hakidhuriki. Kanga huchapwa ikiwa picha moja iliyokamilika, yenye pindo kuzunguka pande zote nne, mji katikati, na jina lake chini ya mji. Umbo hilo lilianza kujengeka katika nusu ya pili ya karne ya 19 huko Unguja na Mombasa, wakati wanawake wa pwani walipokuwa wakinunua leso za mraba na kuzishona pamoja ili wapate nguo moja pana. Maneno yakaja baadaye, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hizi za Kirumi tunazozisoma leo. Na viwanda vya ng'ambo vikatuchapia kanga zetu kwa miaka mingi kabla Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam hakijaanza kazi mwaka 1968. Naitaja nasaba hii kwa kuwa ina fundisho kwa mshonaji. Mchora kanga amekwisha kuamua kitovu kiwe wapi, mipaka iwe wapi, na jicho lisafiri namna gani kutoka ukingoni hadi katikati. Kazi ya sindano ni kuutii mpango huo na kuutilia nguvu. Mifarishi niliyoiona imeharibika haikuharibiwa na uchache wa ufundi, bali na haraka ya kuikata kanga vipande, kutupa pindo, kuliacha jina, kisha kuhangaika kubuni upya kitu ambacho kilikuwa tayari mikononi.

Basi uchaguzi ndio mwanzo wa kazi, na uchaguzi uanze kwa jina. Kanga iliyovaliwa hupita. Husomwa na watu wawili watatu njiani, kisha ikafunikwa na mkunjo wake yenyewe. Kanga iliyotundikwa sebuleni itamsemea mwenye nyumba mbele ya kila aingiaye, awe mkwe, awe katekista, awe mwenyekiti wa kitongoji, awe mtoto anayejifunza kusoma, asubuhi na jioni, kwa miaka. Kijembe kilichonunuliwa kumjibu jirani, hata kama kilikuwa kitamu namna gani siku ile, hakistahili heshima ya ukuta. Tafuta jina la heri, la shukrani, la subira au la kukaribisha, mfano wa «Mgeni njoo mwenyeji apone», ambalo hutaona haya nalo hata pale ugomvi wa leo utakapokuwa umesahauliwa na wote wawili. Kanga za kumbukumbu, zile za jubilei na za sherehe za taifa zenye picha ya mtu ndani ya duara, nazo zafaa sana, kwa sharti moja nitakalolitaja mbele.

Baada ya jina, tazama mchapo, nawe utazame kanga ikiwa imekunjuliwa, maana iliyokunjwa huficha aibu zake zote. Ikunje katikati, uone kama pindo la kushoto linalaliana na la kulia. Kanga nyingi zimechapwa upogo kidogo, na kasoro ya upana wa kidole yarekebishika. Ikizidi hapo, mwombe muuzaji kwa upole akutolee doti nyingine. Kisha iinue mbele ya mwanga wa mlango na uupitishe mkono nyuma yake: ukiviona vidole vyako waziwazi, nyuzi zake ni chache na haitastahimili mvutano wa darizi. Kipande kimoja cha doti huwa na upana wa mita moja na nusu hivi kwa kimo cha mita moja na sentimita 10, kipimo kinachoupendeza ukuta wa sebule ya kawaida bila ya kuhitaji kuongezewa wala kupunguzwa. Kwa hiyo kwa kazi ya kwanza nakusihi uitumie kanga nzima kama ilivyo.

Usishone kanga isiyofuliwa. Ina wanga wa kiwandani unaoifanya ionekane nzito kuliko ilivyo, na ina upungufu ndani yake ambao haujatokea bado; ukitokea baada ya kushona, ndio unaoukunja mfarishi mzima ukawa na makunyanzi yasiyonyooka kwa pasi. Ipime urefu na upana, andika vipimo, iloweke kwa maji baridi usiku kucha, ifue kwa sabuni ya kipande, isuuze hata maji yatoke safi, ianike kivulini, kisha ipime tena uone imepungua kiasi gani. Kitambaa cha bitana na cha ujazo navyo vipitie maji hayo hayo kwa zamu yao. Kanga ikiwa na wekundu au weusi mwingi, chukua kipande cha bafta nyeupe kilicholowa na ukisugue juu yake; kikichukua rangi, rudia kufua. Wengi husifu chumvi na siki kwa kufunga rangi. Mimi sizitegemei, kwa maana rangi ambayo kiwanda hakikuifunga haitafungwa na chumvi ya jikoni. Dawa yake ni maji mengi na ustahimilivu, na ikikaidi hata baada ya kufuliwa mara nne, iache iwe kanga ya kuvaa. Tena kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa nchi ya migomba: usiguse kazi hii siku uliyomenya ndizi kabla hujaitakasa mikono yako. Utomvu wa ndizi hauonekani ukiwa mbichi, lakini ukikauka juu ya nguo huwa doa la kahawia iliyokoza lisilosikia sabuni ya aina yoyote. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, nawa kwa sabuni baadaye, na hata hivyo jaribu vidole vyako kwenye kitambaa kikuukuu kwanza.

Nguo ikiwa bado na unyevu kidogo, ipige pasi kwa upande wa nyuma, ukiinua pasi na kuiweka, inua na uweke, bila ya kuiburuta, maana kuburuta huzivuta nyuzi upande mmoja. Kwa wenye pasi ya mkaa, tandika kitambaa chembamba kati ya pasi na kanga, kwa kuwa cheche moja yatosha kuitoboa. Hapo ndipo utakapogundua kama nyuzi za mtande na za mshindio zinakubaliana na mchapo au la. Zisipokubaliana, watu wawili washike pembe mbili zinazotazamana kwa hanamu, wavute taratibu, waachie, wavute tena, na nguo itarudi kiasi chake. Na kama itabaki tofauti ndogo, nashauri uufuate mchapo wala usiufuate uzi, kwa sababu jicho la mgeni litaliona pindo lililoinama kabla ya jambo lingine lolote, ilhali uzi halitauona kamwe. Piga mstari kwa chaki ya fundi sentimita moja na nusu nje ya pindo, pande zote nne. Kisha pima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, na pembe nyingine vivyo hivyo. Vipimo viwili vikilingana, umbo lako limenyooka.

Kwa ujazo, blanketi jembamba la pamba lililochakaa kidogo, mfano wa yale yanayopatikana katika mitumba ya magulio yetu, linashinda vyote: halikimbii, halivimbi kupita kiasi, na sindano hulipenya bila ya kulalamika. Pamba iliyochambuliwa yafaa pia, lakini huhitaji mishono ya karibu, isiyoachana zaidi ya sentimita nane, la sivyo itajikusanya mabonge. Sufi iachie mito. Sponji ya godoro usiiguse, maana baada ya muda huvunjikavunjika ikawa unga wa manjano unaotoka katika kila tundu la sindano.

Bitana ninayoipenda ni marekani, ile ya rangi ya maziwa isiyochapwa kitu, na kwa ukingo wa nje naipenda kaniki au kitambaa chochote cha rangi moja iliyokoza. Nguo hizi si wageni katika nchi hii. Wapelelezi wa Kizungu Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwezi wa Novemba mwaka 1861, njia ya kutoka Unyanyembe ilikuwa imekwisha kukanyagwa na wafanyabiashara wa pwani, na Kafuro, si mbali na ikulu ya Bweranyange, palikuwa na kituo chao, ambapo Stanley naye alipopita mwaka 1876 alimkuta Hamed bin Ibrahim, tajiri wa pembe za ndovu, akiishi kwa nafasi. Marekani na kaniki zilikuwa ndiyo sarafu ya misafara ile. Kanga ya Unguja iliyowekewa mgongo wa marekani na ukingo wa kaniki, ikatundikwa Bugene au Nyaishozi, inakusanya katika nguo moja safari yote ya kitambaa kutoka bahari hadi vilima hivi, nami sioni pambo lenye haki zaidi ya kukaa ukutani petu.

Sasa tandaza mkeka sakafuni, na juu yake bitana, uso wake ukitazama chini, uishike pembe kwa mawe safi ili inyooke pasipo kuvutwa. Juu ya bitana weka ujazo, na juu ya ujazo weka kanga, uso juu. Bitana na ujazo vizidi kanga kwa sentimita tano kila upande, kwa sababu darizi hula nguo. Shikiza kwa bandi ndefu za uzi mweupe, ukianza katikati ya mji na kuelekea nje kama miale, kisha ukatize mistari mingine iliyoachana kwa upana wa kiganja. Kazi ya bandi inachosha mgongo, na kila mtu hushawishika kuifupisha. Lakini aliyeifupisha ataiona nyuma ya mfarishi wake, katika mikunjo iliyoshonewa ndani ambayo haina dawa ila kufumua.

Tumefika kwenye darizi yenyewe, na hapa naomba msomaji wangu atulie nami, maana humu ndimo uzuri wote ulimo. Kanuni ni moja, na ukiishika huhitaji kufundishwa mengine mengi: mshono hushusha, na mahali pasiposhonwa hupanda. Kitu unachotaka kionekane, kizunguke bila ya kukikanyaga. Kitu unachotaka kirudi nyuma, kitie mishono ya karibukaribu. Chukua mfano wa kanga yenye korosho nne kubwa pembeni mwa mji, kama zilivyo nyingi. Anza kwa mstari mmoja unaopita nje kidogo ya umbo la korosho, milimita moja au mbili kutoka mwisho wa rangi, ukiufuata mgongo wake hadi kwenye ncha ile iliyopinda. Ukifika nchani, geuza kwa mishono miwili mifupi ili pembe isilegee. Kisha piga mstari wa pili sambamba na wa kwanza, nusu sentimita nje yake, na wa tatu nje ya huo. Utaona korosho inainuka mbele ya macho yako, na kiwanja kilichoizunguka kinazama. Madoa madogo yanayotapakaa katikati usiyashone moja moja. Pitisha mistari ya mshazari baina yake, nayo yatabaki yametuna yenyewe. Katika pindo, ambalo mara nyingi lina mistari iliyonyooka na maua madogo, yatosha mstari mmoja wa ndani na mmoja wa nje pamoja na mawimbi mepesi baina yake.

Jina litendewe kwa adabu. Usipitishe sindano juu ya herufi, kwa kuwa hata mshono mwembamba hulifanya neno lisomeke kwa shida kutoka upande wa pili wa chumba. Piga mstari mmoja kulizunguka, uliache jina kifua wazi. Na hili ndilo sharti la kanga za kumbukumbu nililoahidi: uso wa mtu haushonwi. Zunguka kichwa na mabega, shona mandhari ya nyuma kadiri upendavyo, lakini macho na kinywa viache vilivyo, maana mshono mmoja ukipita shavuni humzeesha au humkunjisha uso mtu ambaye ulikusudia kumheshimu.

Tumia sindano fupi, uzi usiozidi urefu wa mkono wako, na uupitishe uzi juu ya nta ya nyuki, ambayo kwa warina asali wa kwetu haikosekani, ili usijisokote wala kujifunga mafundo. Fundo la mwanzo livute kwa ghafla lizame ndani ya ujazo, lisionekane mbele wala nyuma. Mishono iwe ya milimita tatu hivi, nayo ilingane kama punje za mtama. Kulingana kwake kunapendeza kuliko udogo wake. Fanya kazi kutoka katikati kwenda nje siku zote, na usiujaze mji kwa darizi nyingi ukaliacha pindo tupu, kwa sababu kila mshono huvuta nguo kidogo, na mahali palipovutwa sana pakipakana na mahali palipolegea, kingo huanza kupiga mawimbi, wala mfarishi hautalala ukutani abadani.

Mwenye cherehani anaweza kufanya haya kwa wepesi zaidi, akiweka sindano namba 14 au 16, akirefusha mshono hadi milimita tatu na kupunguza mgandamizo wa mguu wa mashine. Kwa mistari mirefu ya pindo cherehani ni bora kuliko mkono. Kwa mji, mkono ni bora, na ukimpelekea fundi wa barazani, kaa naye, maana fundi aliyezoea sare za shule atapiga mistari iliyonyooka juu ya kila kitu akidhani amekusaidia.

Darizi ikiisha, fumua bandi, kata ziada pande zote kwa kufuata mstari wa chaki, na utie ukingo. Mafundi wetu hupenda kukata ukingo kwa hanamu, nao wana haki katika shingo ya gauni. Lakini mfarishi una kingo zilizonyooka, na utepe wa hanamu utavutika na kuzipinda. Kata tepe za kaniki za sentimita sita kwa kufuata uzi, zikunje katikati, shona upande wa mbele, kisha geuza nyuma na umalizie kwa mkono. Penye kona, simama nusu sentimita kabla ya mwisho, kunja utepe juu kisha urudishe chini, na kona itakaa sawasawa.

Kwa kutundikia, shona nyuma, upande wa juu, ala ya marekani yenye upana wa sentimita 10, iwe fupi kuliko mfarishi kwa sentimita mbili kila mwisho, na upitishe ndani yake ufito uliokauka vizuri. Usiupigilie misumari mfarishi wenyewe; uzito wake utazirarua pembe. Chagua ukuta usiopigwa na jua la dirishani, kwa maana jua hula wekundu kwanza, na usio karibu na moshi wa jikoni. Uache nafasi ya kidole baina ya nguo na ukuta kwa kuweka vipande viwili vya ubao nyuma ya ufito, ili wakati wa masika unyevu usilete ukungu, na ili mchwa, ambao katika nyumba za tofali za udongo hupanda kimyakimya nyuma ya kila kilichogusa ukuta, waonekane mapema. Angalia nyuma yake kila mwezi. Wakati wa kiangazi, vumbi letu jekundu litatua juu yake bila ya shaka. Litoe kwa kuukung'uta nje na kuupiga brashi laini, wala usikimbilie maji, maana vumbi hilo likilowa huwa rangi.

Kanga huuzwa doti, kwa hiyo utabakiwa na kipande cha pili. Usikifanye kitambaa cha kupangusia. Kishone nacho, ukampe binti aliyeolewa mbali au mama uliyemwacha kijijini, nyumba mbili ziwe na jina moja ukutani. Na katika kila mfarishi, nyuma, kwenye pembe ya chini, shona kipande kidogo cha bafta ulichotarizi jina lako kamili, kijiji chako na mwaka. Wanawake wa Karagwe na Kyerwa wamefuma na kusuka kazi nzuri nyingi ambazo leo hakuna ajuaye ni za nani. Kazi hii tafadhali itie jina.